Jengo la 1949 pale Kisutu: namna ya kulisoma kuanzia barabarani hadi juu ya paa

Swali: "Nimepanga ghorofa ya pili kwenye jengo la zamani Kisutu, katikati ya Dar es Salaam. Liko kwenye kona, na juu kabisa limeandikwa jina la Kihindi na mwaka 1949. Wenzangu kazini wananishangaa, wanasema hayo ni magofu, heri yabomolewe. Mimi kila nikipanda zile ngazi naona kuna kitu. Naomba unieleze historia ya majengo haya, na kama ni mazuri kweli au ni macho yangu tu. Kama nataka kulichunguza, nianzie wapi?" (Msomaji, Kisutu)

Dada yangu, macho yako hayajakudanganya. Majengo ya ghorofa mbili hadi nne yaliyojengwa Dar es Salaam kuanzia miaka ya 1930 hadi uhuru ni miongoni mwa kazi bora za ujenzi nchini, na nayasema haya baada ya kuyakagua kwa miaka mingi, kuanzia msingi hadi kwenye matangi ya maji. Uzuri wake una sababu. Karibu kila pambo unaloliona lilipewa kazi: kuzuia jua, kuvuta upepo, kumwaga maji ya mvua mbali na ukuta, au kulitangaza duka la chini. Ukishaijua kazi ya kila kipande, hutamhitaji mtu wa kukuthibitishia kwamba ni kizuri.

Anza nje. Vuka barabara usimame upande wa pili, asubuhi mapema kabla wenye fremu hawajafungua na magari hayajaziba njia, kisha litazame jengo kutoka juu kushuka chini. Watu wengi hufanya kinyume: huona mabango, nyaya na viyoyozi vya ghorofa ya chini, wakakata tamaa kabla macho hayajafika juu. Huko juu ndiko fundi alikojidai.

Ule ukuta mfupi uliopanda kupita paa, wenye jina na mwaka, ndio uso wa jengo. Herufi zile fundi alizitengeneza kwa saruji palepale, akiwa juu ya jukwaa la miti, ndiyo maana ukiziangalia vizuri utakuta A moja haifanani kabisa na A nyingine. Jina laweza kuwa la mwenye nyumba, la baba yake, la mtoto aliyezaliwa mwaka ule, au la mji waliotoka kule Gujarat. Likiishia na "Manzil", huenda mwenyewe alikuwa Mwislamu. "Building" na "Mansion" walizitumia wote. Liandike kwenye daftari herufi kwa herufi, hata kama linaonekana limekosewa, kwa sababu ndivyo litakavyokuwa limeandikwa kwenye makaratasi pia.

Mwaka nao ni ushahidi mzuri, ila usiufanye neno la mwisho. Wenye nyumba wengi walijenga kwa awamu: duka na vyumba vya nyuma kwanza, ghorofa ya kwanza biashara ilipochangamka, ya pili watoto walipooa. Mara nyingi mwaka ulioandikwa juu ni wa ghorofa ya mwisho kuongezwa. Angalia kama madirisha ya chini yana umbo tofauti na ya juu, au kama kuna mkanda wa lipu uliotokeza katikati ya ukuta, pale ulipokuwa ukingo wa paa la awali. Kisha pima unene wa ukuta mlangoni mwa duka. Ukuta wa mawe ya matumbawe uliojengwa kwa chokaa hukaribia nusu mita au huzidi, wakati ule wa tofali za saruji, pamoja na lipu yake, huwa kama sentimita 25. Ukikuta unene wa kwanza chini na wa pili juu, jengo lako lina umri wa aina mbili, na ile sehemu ya chini huenda ni ya wakati wa Mjerumani.

Sasa, kwa nini jengo kama hili likae Kisutu, na si Oysterbay wala Kariakoo? Sultani Majid bin Said wa Zanzibar aliuanzisha mji huu katika miaka ya 1860. Boma la Kale, karibu na bandari, limebaki kutoka enzi zake. Wafanyabiashara wa Kihindi walimfuata kutoka Unguja na Bagamoyo. Mwaka 1891 Wajerumani walihamisha makao yao makuu kutoka Bagamoyo kuja Dar es Salaam, na wakatoa kanuni za ujenzi zilizougawa mji kwa aina ya nyumba: za Kizungu karibu na bahari, nyingine nyuma yake, na za miti na udongo mbali zaidi. Kwenye karatasi kanuni zilitaja vifaa vya ujenzi. Mitaani matokeo yake yakawa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Waingereza waliuteka mji mwaka 1916, wakaurithi mgawanyo huo na kuukaza zaidi. Uwanja wa Mnazi Mmoja unaoupita jioni kuelekea Kariakoo uliachwa wazi ili kuitenga Uhindini na makazi ya Waafrika.

Kwa hiyo Uhindini ilibanwa: upande mmoja Uzunguni na bandari, upande mwingine uwanja usiojengwa. Watu wakaongezeka, biashara ikakua, viwanja vikabaki vilevile. Njia iliyobaki ilikuwa kupanda juu. Ukiishi ghorofani Kisutu leo, unaishi ndani ya matokeo ya ule mpaka. Naona ni haki kuujua ubaguzi ulioyazaa majengo haya wakati ule ule tunapoyasifu.

Miaka ya mwisho ya 1940 ndiyo hasa majengo ya aina ya lako yaliposhamiri. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha na mkonge ulikuwa na bei nzuri. Sensa ya 1948 ilihesabu watu wapatao 69,000 Dar es Salaam. Ya 1957 ilikuta karibu 129,000. Mwaka 1949, huo huo ulioandikwa juu ya jengo lako, mji ulipewa hadhi ya manispaa. Na fikiria jambo moja: kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilianza uzalishaji mwaka 1966. Maana yake saruji ya jengo lako iliingia nchini kutoka nje, mfuko kwa mfuko, ikateremshwa bandarini na kubebwa kichwani na vibarua. Ndiyo maana kona zile zimepigwa lipu kwa umakini vile. Hakuna aliyekuwa na saruji ya kuchezea.

Upanga, ng'ambo kidogo tu, ina habari yake. Mwaka 1946 Aga Khan wa Tatu, kiongozi wa Waismailia, alipimwa uzito kwa almasi hapa Dar es Salaam katika jubilei yake, na fedha zilizochangwa zikawa mtaji wa mikopo, ikiwemo ya nyumba kwa jamii ya Waismailia. Kwa sababu Upanga ilipimwa upya na ilikuwa na nafasi, flati zake zina bustani, miti na uwazi pande zote. Jengo lako halikupata bahati hiyo. Limeegemeana na majirani, na sharti lake la kwanza lilikuwa kutafuta hewa.

Hapo ndipo tunapofika kwenye uzuri wenyewe, na naomba unifuate polepole.

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Juni jua la adhuhuri hukaa upande wa kaskazini, Desemba huhamia kusini. Kwa hiyo ukuta wa kaskazini na wa kusini zote hupigwa na jua katika mwaka, ila la juu sana, na ubao mwembamba wa zege uliotokeza juu ya dirisha kama kope unatosha kulikata. Ukuta wa magharibi una shida tofauti: jua la saa kumi linaingia limelala, na kope haisaidii. Hapo mafundi waliweka vipande vya zege vilivyosimama wima, au roshani yenye kina cha kutosha mtu kuweka kiti, ili chumba kikae nyuma ya kivuli. Jengo la kona linatazama pande mbili. Zunguka ulinganishe. Kama upande mmoja una kope ndefu zinazozunguka kona bila kukatika na upande mwingine una roshani za kina, mchoraji wake alijua jua linapita wapi. Hayo mapambo yote ni hesabu ya jua iliyofanywa na mtu aliyekuwa na jicho zuri.

Upepo nao ulipangiwa njia. Kaskazi inavuma miezi ya joto, kusi baada ya masika. Vyumba vya mbele vinafunguka barabarani, jiko na bafu viko nyuma, na katikati ya jengo kuna uwazi unaoshuka kutoka juu hadi chini, ambao leo pengine umejaa mabomba na ndoo zilizotupwa. Uwazi ule unafanya kazi hadi leo. Hewa ya moto hupanda humo na kutoka juu, hewa ya barabarani inavutwa ndani kuchukua nafasi yake. Juu ya milango ya ndani kuna vidirisha vya mbao au matofali ya matundu, ili hewa ipite hata mlango ukifungwa na faragha ibaki. Dari ziko juu, mita tatu na zaidi, joto likae kule juu ya vichwa. Ukizima kiyoyozi siku moja ya Julai, ukafungua dirisha la mbele, vidirisha vya juu ya milango na mlango wa nyuma kwa pamoja, utausikia upepo ukipita nyumba nzima.

Lakini umeandika habari za ngazi, na ngazi ndizo zilizonifanya nikujibu kwa urefu. Sakafu yake bila shaka ni terazo. Ilitengenezwa hapo hapo: fundi alichanganya saruji na chembe za marumaru, akamwaga, akaacha ikauke, kisha ikasuguliwa kwa jiwe na maji siku kadhaa mpaka chembe zikakatika na kung'aa. Inama uiangalie kwa karibu. Utaona ukingo wa rangi ya giza, nyekundu iliyoiva au nyeusi, umezunguka eneo la rangi ya krimu, na kati yao kuna mstari mwembamba wa kutenganisha rangi mbili wakati wa kumwaga. Kwenye kila kidato, ule ukingo umepanda pamoja na ngazi, umekunja kona, umeshuka ukutani kwa kipande cha duara badala ya pembe kali, ili ufagio upite na uchafu usikae. Katikati ya kidato terazo imelika kidogo, pembeni bado ina ukali wake wa mwanzo. Hiyo ni miguu ya miaka zaidi ya 70. Reli ya chuma ina mistari ya mawimbi au miale ya jua, na mkono wa mbao juu yake unapinda kona bila kuunganishwa kwa pembe. Kupinda mbao ngumu namna ile, huku inapanda, ni kazi ya seremala wa hali ya juu. Usiku umeme ukikatika, mkono wako unakuongoza mpaka mlangoni bila kukwama popote. Aliyeitengeneza alilifikiria hilo.

Mtindo huu wa mistari laini, kona za duara na miale ulikuwa ukitamba dunia nzima miaka ya 1930. Kwetu ulifika kwa njia ya Bombay. Meli zilizokuwa zikienda na kurudi kati ya pwani yetu na India zilileta vigae vya paa kutoka Mangalore, mbao, vitasa, na pia majarida na michoro. Majengo ya makazi ya Marine Drive kule Bombay, ambayo mwaka 2018 yaliingizwa na mengine kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO, ni kaka zake jengo lako. Anthony Almeida, msanifu mashuhuri mzaliwa wa Dar es Salaam, alisomea Bombay kabla ya kurudi nyumbani na kutuachia majengo kadhaa, likiwemo kanisa la pamoja pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Simaanishi kwamba jengo lako ni lake. Sehemu kubwa ya Uhindini ilichorwa na wachoraji wasiojulikana, ikajengwa na waashi kutoka Kutch, maseremala kutoka Punjab, na mafundi na vibarua Waafrika ambao majina yao hayakuandikwa kwenye ukuta wowote. Ukiandika historia ya jengo, waache na nafasi yao.

Mpango wa ndani nao unasimulia uchumi wa familia. Chini fremu za maduka, juu mwenye nyumba, juu zaidi wapangaji ambao kodi yao ilirudisha mkopo. Ngazi ya mbele ilikuwa ya wageni na wenyeji. Nyuma, kama bado ipo, kuna ngazi nyembamba, mara nyingi ya chuma, iliyotumiwa na wafanyakazi wa ndani na msafisha vyoo. Juu ya paa la bapa walianika nguo, pilipili na maembe ya achari, na usiku wa joto watu walilala huko. Muulize jirani mwenye umri mkubwa kuliko wote kuhusu paa. Nimeona paa linafungua mazungumzo ambayo hati na kodi huyafunga.

Halafu ikaja 1971, na hapa lazima nisimame kidogo. Aprili mwaka huo, miaka minne baada ya Azimio la Arusha, serikali ilipitisha Sheria ya Utwaaji wa Majengo. Majengo ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi, ambayo mwenyewe hakuyakalia yote, yalichukuliwa na kuwa mali ya umma. Nchi nzima yalitwaliwa karibu majengo 3,000, sehemu kubwa sana yakiwa ya Watanzania wenye asili ya Asia. Fidia ilihesabiwa kwa umri, na jengo lililozidi miaka 10 halikulipiwa kitu. Kama la kwako lilitwaliwa, lilikuwa na miaka 22. Mwenyewe aliamka akiwa mpangaji ndani ya nyumba yenye jina la familia yake juu.

Majengo hayo yalikabidhiwa kwa Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 ofisi hiyo iliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, lililokuwepo tangu 1962. Ndiyo sababu leo unaweza kuona nembo ya Shirika kwenye jengo lenye jina la mtu binafsi juu yake. Familia nyingi ziliondoka miaka ile kwenda Kanada na Uingereza. Wengine walibaki, na wapo hadi leo, pengine mlango wa pili kutoka kwako. Na kwa mara ya kwanza, mtumishi wa serikali kutoka Songea au Bukoba aliweza kupewa ufunguo wa flati katikati ya mji ambao sheria za ukoloni zilikuwa zimemweka ng'ambo ya Mnazi Mmoja. Wako waliolilia jengo hili na wako waliolishangilia, na wote walisema kweli. Anayekusimulia nusu moja tu, mshukuru, kisha ukamtafute mwenye nusu ya pili.

Kuhusu makaratasi: namba ya kiwanja ndiyo ufunguo. Huenda ipo kwenye mkataba wako wa upangaji au bili ya zamani ya kodi ya jengo. Ukiwa nayo pamoja na jina la juu ya ukuta, nenda Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa pale Upanga, na mkusanyo wa vitabu vya Afrika Mashariki kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukaombe Gazeti la Serikali la miaka ya 1940 na la 1971, pamoja na ramani za zamani za mji. Jihadhari na majina ya mitaa. Samora Avenue iliwahi kuwa Acacia Avenue, baadaye Independence Avenue. Ukitafuta jina la leo kwenye faili la 1949 utaambiwa hakuna kitu. Matangazo ya maduka kwenye magazeti ya zamani nayo husaidia sana, maana aliyefungua duka kwenye jengo jipya hakukosa kulitangaza. Na usisahau waliohama. Wajukuu walioko Toronto, Vancouver au Leicester wana albamu za picha, na mara nyingi picha ya harusi kwenye ngazi itakuonyesha rangi ya kuta na umbo la taa kuliko mchoro wowote.

Sasa habari za usalama, kwa kuwa wenzako kazini nao wana hoja. Adui wa majengo haya ni chumvi. Hewa ya bahari inayo, na mafundi wengine walichanganya zege kwa mchanga wa pwani bila kuuosha. Chumvi na unyevu vikifika kwenye nondo, nondo zinashika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Inasukuma zege kutoka ndani mpaka inabanduka. Kwa hiyo tazama chini ya roshani yako kwa kutumia roshani ya jirani wa juu kama kioo, maana zinafanana. Ufa ulionyooka, unaofuata mstari mmoja sambamba na ukingo, wenye doa la kahawia, ni ufa wa nondo. Gonga taratibu kwa nyundo ndogo: zege nzima inalia kavu, iliyoachana inalia kama kitu chenye uwazi ndani. Ukisikia hivyo, au ukiona nondo kwa macho, hama hiyo roshani leo, usiweke hata mitungi ya maua, na umtaarifu mwenye jengo kwa maandishi ili mhandisi aje. Nyufa ndogo za lipu zilizotapakaa bila mpangilio zisikunyime usingizi.

Zipo pia hatari zinazoletwa na mikono yetu. Tangi la lita 5,000 lililojaa linaongeza tani tano juu ya paa, na aliyepiga hesabu ya paa lile mwaka 1949 hakulitarajia. Ukuta uliobomolewa dukani ili kupanua fremu unaweza kuwa ndio uliobeba ghorofa zote. Mnakumbuka jengo lililoporomoka Kariakoo, Novemba 2024. Na wale wanaosema jipya ndilo salama wakumbuke Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilipoporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Umri peke yake hauangushi jengo.

Yapo mambo madogo unayoweza kuyazuia wewe mwenyewe kama mpangaji. Usikubali terazo ifunikwe kwa vigae vya kisasa. Gundi yake inaharibu uso ambao kwa kusuguliwa upya ungerudi kama ulivyokuwa. Usizibe matofali ya matundu kwa sababu ya mbu, weka wavu. Usifunge roshani kwa alumini na vioo ili kupata chumba cha ziada, maana umechukua kivuli ukakigeuza tanuri, kisha utanunua kiyoyozi. Na ukuta wa chini ukiwa wa matumbawe na chokaa, usipigwe saruji nzito wala rangi ya mafuta. Unyevu unaopanda kutoka ardhini unahitaji pa kutokea. Ukizibiwa nje utatokea ndani, kwenye godoro lako.

Swali la kubomoa nalijibu kwa uwazi. Sheria yetu ya mambo ya kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja kilichojengwa kabla ya 1863. Jengo la 1949 linalindwa endapo tu litatangazwa rasmi, na mengi ya Uhindini hayajatangazwa. Yapo ambayo nondo zake zimekwisha kabisa, na sitamwambia mtu aishi humo kwa ajili ya uzuri. Lakini mengi yanayobomolewa yangekarabatika kwa gharama ndogo kuliko kujenga upya, na yanabomolewa kwa sababu kiwanja kina bei. Ninayoyatetea kwa nguvu zote ni ya kona, kama la kwako. Hayo ndiyo yanayoupa mtaa sura. Likiondoka la kona moja, njia panda nzima inapoteza umbo na hakuna jengo la vioo linaloirudisha.

Kwa hiyo wiki hii fanya mawili tu. Zungumza na mwenye duka la chini aliyekaa muda mrefu kuliko wote, ununue kitu kwanza, umwombe ruhusa kabla ya kutoa simu kupiga picha, maana wengi wamewahi kupigwa picha na watu waliokuja baadaye na tingatinga. Kisha nitumie picha mbili: moja ya chini ya roshani, nyingine ya kona ya ngazi pale ukingo wa terazo unapokunja. Piga asubuhi mwanga ukiwa unaingia kutoka pembeni, nyufa na mikwaruzo ionekane. Ya kwanza itaniambia kama unahitaji mhandisi haraka, na kwa ya pili nitajaribu kukuambia ngazi zako ni za awamu ya kwanza ya jengo au ziliongezwa na ile ghorofa ya juu.